Jirani anapandisha ghorofa: ofisi ya mipango, kamati ya rufaa, tribunali, mahakama au MCA?

Kibao chenyewe kilikuwa nyuma ya fungu la mawe ya matumbawe, uso umeelekezwa ukutani. Aliyekiona kwanza ni kijana wa mkokoteni wa maji. Alitukuta barazani baada ya alasiri, akauliza: "Ami zangu, kwani hapo pembeni pajengwa ghorofa tisa?" Tukainuka kwenda kutazama. Ilikuwa kweli: ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja kutoka nyumba ya familia moja kuwa fleti, na chini yake tarehe ya tangazo, iliyokuwa imeshapita siku sita.

Tulichofanya ni kile ambacho mitaa mingi ya Mombasa hufanya. Tulimpigia simu MCA, mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti. Akaja, akanywa kahawa, akasikitika pamoja nasi, akasema atalifuatilia. Tulipozinduka, siku 14 za kupeleka pingamizi zilikuwa zimekwisha. Simlaumu yeye. Kutoa au kuzuia kibali cha ujenzi si kazi yake, na hilo lilitupasa tulijue sisi kabla ya kuwasha jiko la kahawa.

Tangu siku hiyo watu wa Tudor, Kisauni, hata Likoni, huniuliza: ukitaka kupinga ujenzi, uende wapi? Milango iko mitano na kila mmoja una mtetezi wake kijiweni. Nimeipitia, mingine kwa miguu yangu, mingine kwa kusoma sheria na hukumu, na maoni yangu ni kwamba watu huchagua mlango kwa ukubwa wake. Husikia "mahakama" wakadhani ndiyo yenye nguvu kuliko zote, au "MCA" kwa kuwa ndiye wanayemjua. Mimi ningechagua kwa kalenda: mambo yamefika wapi, na ni siku ngapi zimesalia.

Karatasi tatu, msizichanganye

Jengo moja la fleti hubeba maamuzi kadhaa yaliyotolewa na watu tofauti. Kuna mpango wa eneo zima, ule unaosema mtaa huu ni wa nyumba za kuishi na ule ni wa biashara; huo hupita katika bunge la kaunti. Kuna kibali cha ujenzi wa kiwanja kimoja. Hicho hutolewa na waziri wa kaunti anayesimamia ardhi na mipango, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, nambari 13 ya mwaka 2019. Halafu kuna leseni ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inayotolewa baada ya tathmini ya athari za mradi, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999.

Kila karatasi ina njia yake ya kupingwa. Ukienda kulia kuhusu leseni ya NEMA kwenye meza ya kibali cha kaunti utasikilizwa kwa adabu na kuelekezwa kwingine, na siku zinakwenda. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye mradi, au afisa yeyote, ni moja tu: ni karatasi ipi imeshatoka, na imetoka tarehe gani?

Nikumbushe pia jambo ambalo wazee wetu bado wanalichanganya. Baraza la manispaa tulilolizoea lilikufa mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza. Askari wa kaunti tunaendelea kuwaita kanjo, lakini madiwani wale waliokuwa wakikaa kwenye kamati ya mipango na kupiga kura juu ya ramani za watu hawapo tena. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya mipango, na sheria ya 2019 imeweka uamuzi wa kibali kwa waziri wa kaunti. Mwakilishi wa wadi hana kura hapo.

Ofisi ya mipango ya kaunti

Huu ndio mlango wa bei nafuu kuliko yote, na ndio unaofungwa mapema kuliko yote. Mwenye kuomba kibali anatakiwa kuwatangazia watu mradi wake. Tangazo huwekwa kwenye kiwanja na gazetini, na mwenye pingamizi hupewa siku 14 kuliandika na kulipeleka kwa waziri wa kaunti. Jumamosi na Jumapili zimo ndani ya hizo 14.

Hauhitaji wakili. Unahitaji barua moja, nakala mbili, na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Muhuri huo ni muhimu kuliko maneno matamu ya barua, kwa kuwa huko mbele kila mlango utakuuliza: ulipinga lini, na ushahidi uko wapi?

Ndani ya barua andika mambo ambayo afisa wa mipango anaweza kuyapima. "Hatutaki wageni mtaani" si sababu. "Ghorofa zitatuchungulia" ni sababu dhaifu. Mombasa hii sababu nzito mara nyingi ziko chini ya ardhi. Mfumo wa maji taka wa mji una mitambo miwili, Kizingo kwa upande wa kisiwa na Kipevu kwa upande wa bara ya magharibi, na nyumba nyingi sana hazijaunganishwa na wowote kati yake. Upande wa Nyali, Bamburi na Kisauni watu wanaishi kwa mashimo ya choo na matangi ya septiki yaliyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, mwamba wenye vitundu kama sifongo. Familia moja ikiondoka na familia 36 zikaingia kwenye kiwanja kile kile, maji machafu yatakwenda wapi? Kisima chako kiko hatua ngapi kutoka shimo lao? Pima, chora, andika hatua. Andika pia upana wa barabara, na kama gari la zimamoto linaweza kupinda kona ya mtaa wenu. Afisa akisoma hayo hawezi kuyajibu kwa mstari mmoja.

Kuna mtego mmoja hapa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuomba nakala za faili, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Pingamizi lina siku 14. Hesabu mwenyewe: ukingoja ujibiwe ndipo upinge, umeshachelewa kwa wiki nzima. Peleka ombi la habari na pingamizi siku moja, na katika pingamizi useme kwamba unahifadhi haki ya kuongeza hoja ukishaiona ramani. Ombi la habari halipotei bure. Litakufaa kwenye mlango unaofuata.

Udhaifu wa ofisi hii ni wazi. Anayekusikiliza ndiye anayeamua, na hana lazima ya kukubaliana nawe. Lakini kuna hali moja ambayo ningekwenda hapa hata kama miezi imepita: ujenzi unaoendelea bila kibali, au uliovuka kibali. Hapo huna haja ya kuzihesabu siku 14, kwa kuwa hupingi uamuzi wa mtu, unaripoti kosa. Kujenga bila kibali kuna adhabu ya faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, na waziri wa kaunti anaweza kutoa notisi ya kumtaka mjenzi asimame au arudishe kiwanja kilivyokuwa. Mtu ana kibali cha ghorofa nne na wewe unahesabu sita? Usianze kesi. Piga picha, andika barua, omba notisi itolewe.

Kamati ya rufaa ya mipango

Hii ndiyo niliyoijua nikiwa nimechelewa, na ndiyo ningependa kila mtaa uijue. Sheria ya 2019 inataka kila kaunti iwe na kamati ya kusikiliza malalamiko na rufaa kuhusu mipango na matumizi ya ardhi. Mawakili wana jina refu la Kiingereza la kuiita. Wewe ukifika kaunti sema unataka kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa waziri kuhusu kibali cha ujenzi, wataelewa.

Kinachoifanya itofautiane na ofisi ya mipango ni kwamba anayesikiliza si yule aliyeamua. Na kinachoitofautisha na mahakama ni mwendo wake. Rufaa hupelekwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na kamati inatakiwa iamue ndani ya siku 14 tangu rufaa iwasilishwe. Hakuna mlango mwingine kati ya hii mitano ulioandikiwa muda mfupi namna hiyo. Wala si mwombaji wa kibali peke yake anayeruhusiwa. Sheria inasema pia mtu mwenye maslahi katika jambo hilo. Jirani mwenye kisima ni mtu mwenye maslahi.

Tatizo ni moja, nalo ni kubwa. Siku 14 huanza kuhesabiwa tangu uamuzi utoke, na jirani hatumiwi barua. Mwenye mradi anaarifiwa, anakunja karatasi, anaingiza mchanga usiku, na wewe unajua kibali kimetoka siku unapoamshwa na mashine ya kuchanganya zege. Ndiyo maana barua ya pingamizi ina kazi ya pili: mstari wa mwisho uombe kwa maandishi kujulishwa uamuzi utakapotolewa. Halafu mteue mtu mmoja mtaani, mstaafu mwenye subira, awe anapita ofisini kila wiki kuuliza. Kwetu kazi hiyo aliifanya mwalimu wa zamani aliyekuwa akienda na mwavuli na kitabu chake, na makarani wakamzoea hadi wakawa wanamwita kwa jina kabla hajafika dirishani.

Uliza mapema pia kama kamati imeundwa na inakaa. Ikiwa haikai, taka jibu hilo kwa maandishi. Itakuwa sababu yako kubwa mbele ya jaji.

Kwa upande wetu, pingamizi lilikuwa limechelewa, lakini kibali kilipotoka tulikuwa tayari. Rufaa yetu ilikuwa kurasa tatu na mchoro mmoja wa visima. Kesi haikusikilizwa hadi mwisho, kwa kuwa mwenye jengo alipouona ule mchoro alituita tuzungumze. Akahamisha tangi la septiki hadi upande wa barabara na kupunguza ghorofa mbili. Hatukupata tulichotaka, tulitaka asijenge. Lakini visima vyetu vinatumika hadi leo.

Tribunali ya mazingira

Jopo la kitaifa la kusikiliza rufaa za mazingira, ambalo watu huliita tribunali, lina kazi yake maalumu: maamuzi ya NEMA. Ikiwa unachokipinga ni leseni ya mazingira, hapa ndipo pahali pake, na muda wa kuhesabu ni siku 60. Ukilinganisha na zile 14 za kaunti huo ni utajiri, na ndiyo sababu wengi waliokosa milango ya kaunti hukimbilia huku. Si vibaya, mradi hoja zako ziwe za mazingira kweli: maji, moshi, kelele, taka, na kama wakazi waliulizwa ipasavyo kabla ya leseni kutolewa.

Hilo la kuulizwa si dogo. Pwani nzima inakumbuka kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Lamu. NEMA ilitoa leseni mwaka 2016, wakazi wakakata rufaa mwaka huo huo, na tarehe 26 Juni 2019 tribunali ikaifuta leseni, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika kupitia tathmini yenyewe. Mradi ulikuwa wa megawati 1,050, na nyuma yake kulikuwa na serikali na wawekezaji wakubwa. Watu wa kisiwa waliushinda kwa hoja ya utaratibu.

Lakini tazama tarehe tena: 2016 hadi 2019. Lamu kulikuwa na faida kwamba ujenzi wenyewe haukuwa umeanza. Fleti za Mombasa hazingoji miaka mitatu. Kwa muda huo watu wameshahamia na mapazia yametundikwa. Kwa hiyo ukienda tribunali usidhani kukata rufaa peke yake kunasimamisha kazi. Omba amri ya kusimamisha siku ile ile unapowasilisha rufaa, na ulete sababu za dharura. Asiyeomba hivyo anaweza kushinda rufaa juu ya jengo lililokwisha.

Gharama? Unaweza kujisimamia mwenyewe, lakini hoja za mazingira zinataka mtaalamu, na mtaalamu anataka malipo. Mtaa ukichanga unawezekana. Mtu mmoja peke yake atachoka. Asiyeridhika na uamuzi wa tribunali anaweza kukata rufaa ndani ya siku 30 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi

Mombasa tunayo, na ndiyo ambayo kila mtu huitaja kwanza akiwa na hasira: "Twende kotini!" Nguvu zake hazina ubishi. Inaweza kufuta kibali, kutoa amri ya kubomoa, kuamuru fidia. Na Katiba, kifungu cha 70, inamruhusu mtu kudai haki ya mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe au mwingine ameshaumia.

Lakini wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ukiiruka kamati ya kaunti au tribunali ukaingia moja kwa moja kwa jaji, huenda ukarudishwa ulikotoka. Mwaka 2020, katika kesi ya Kibos iliyotoka Kisumu, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba mgogoro ambao sheria imeupa tribunali au kamati uanzie huko, hata kama umechanganywa na madai ya haki za kikatiba. Mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ikalegeza kidogo katika kesi nyingine: ikiwa mlango wa kwanza hauwezi kukupa nafuu inayotosha, jaji asikufukuze. Wakili mzuri atajua wewe uko upande gani wa mstari huo. Wakili mbaya atakufungulia kesi kwanza, akuambie baadaye.

Anayetaka kujua urefu wa njia hii aende Owino Uhuru, pale Jomvu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu ya risasi. Kesi ilifunguliwa mwaka 2016. Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na ikabidi wangoje hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirudisha. Ni karibu miaka tisa tangu kesi ianze, na hapo ni kushinda. Ninaitaja si kuwatisha watu bali kwa kuwa ni kesi ya aina ambayo mahakama ndiyo mahali pake hasa: madhara yameshatokea, kuna wagonjwa, kuna wa kulipa. Kamati ya kaunti isingeweza kulitatua hilo. Ugomvi wa ghorofa mbili za ziada si wa aina hiyo.

Na gharama: ukishindwa unaweza kuamriwa kumlipa mwenzako gharama zake. Kesi za maslahi ya umma mara nyingi majaji huziacha kila mtu abebe zake, lakini usiingie ukitegemea huruma hiyo.

MCA na bunge la kaunti

Baada ya yote niliyosema mtu atadhani ninamtupa MCA. La. Ninasema tu kwamba anaulizwa asichokuwa nacho na haulizwi alichonacho.

Alichonacho ni mambo mawili. La kwanza ni usimamizi. Kamati ya bunge la kaunti inaweza kumwita waziri wa ardhi aeleze kwa nini vibali fulani vimetolewa. Haifuti kibali, lakini jibu lililotolewa mbele ya kamati na kurekodiwa ni ushahidi ambao usingeupata kwa barua mia. La pili, na hili ndilo kubwa, ni mpango wa eneo zima. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ule wa 2023 hadi 2027, na mipango ya matumizi ya ardhi, hupita bungeni, na sheria inataka wananchi washirikishwe kabla. Kwenye mikutano hiyo viti vya plastiki huwa vingi kuliko watu. Ndipo panapoamuliwa kama mtaa wenu ni wa ghorofa mbili au kumi, miaka kadhaa kabla hujaona kibao chochote.

Kila mwananchi ana haki ya kulipelekea bunge la kaunti ombi la maandishi, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Si lazima lipitie kwa MCA wako, ijapokuwa akilibeba yeye litasikika zaidi. Ombi linafaa kwa mambo ya mtaa mzima: njia za umma za kwenda ufuoni zinazozibwa kwa kuta, uwanja wa watoto ulioanza kuzungushiwa mabati, mtaa usio na mfereji wa maji ya mvua. Kwa jengo la jirani mmoja ni polepole mno.

Kwa hiyo, wewe uko wapi?

Kibao kimewekwa na siku 14 hazijaisha: nenda ofisi ya mipango leo. Si kesho baada ya mkutano. Barua ya mtu mmoja iliyofika kwa wakati inashinda ya watu 200 iliyochelewa, na sahihi za wengine unaweza kuzipeleka kesho yake.

Kibali kimetoka ndani ya wiki mbili zilizopita: kamati ya rufaa. Ikiwa jengo lina leseni ya NEMA pia na hoja zako ni za maji taka, andaa na rufaa ya tribunali, lakini usiiache ya kaunti kwa kuwa ya tribunali ina siku nyingi zaidi. Ni karatasi mbili tofauti.

Kibali kilitoka miezi mingi iliyopita na jengo liko ghorofa ya tatu: hapo ningempeleka mtu akague kwanza. Kama linavuka ramani iliyoidhinishwa, rudi ofisi ya mipango uombe notisi. Ukiona nguzo nyembamba, nyufa, au zege la kutilia shaka, ripoti pia kwa Mamlaka ya Ujenzi, NCA, ambayo huwasajili makandarasi. Kama kila kitu kimefuata kibali, kusema kweli uwezekano wako ni mdogo, na pesa za wakili ningezitumia kuzungumza na mwenye jengo kuhusu tangi, kelele za usiku na vumbi.

Ikiwa uko Mji wa Kale, kuna mlango wa sita ambao mitaa mingine haina. Eneo lile linalindwa kama urithi, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana sauti juu ya kinachobomolewa na kinachojengwa, hadi roshani na milango ya kuchonga. Ngome ya Yesu iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2011, na majirani zake wanaangaliwa. Mtu akianza kuvunja nyumba ya kale Ndia Kuu, piga hodi kwa watu wa makumbusho na kaunti siku moja.

Na wale wa Majengo wanaoniuliza kwa sauti ya chini: sisi tuna nyumba lakini hatuna ardhi, tunamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, je, tuna haki ya kupinga? Ni utaratibu wetu wa pwani, nyumba ya mtu juu ya ardhi ya mwingine, na huwafanya watu waone haya mbele ya meza ya ofisi. Tangazo halisemi "wenye hatimiliki". Linawaita wananchi. Rufaa ya kamati inamtaka mwenye maslahi, na anayelala, kupika na kuchota maji hatua kumi kutoka kwenye shimo la mtu ana maslahi. Kifungu cha 70 cha Katiba hakikuulizi hati. Kinachokupasa kuonyesha ni kwamba unaishi hapo: risiti za kodi ya kiwanja, bili ya stima, barua ya mzee wa mtaa. Zifungie pamoja na pingamizi, weka nakala nyumbani, na umwombe karani aupige muhuri vizuri usomeke tarehe.